Nafasi ya Bibi Kwenye Lori la Kahawa

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, wajukuu wangu walinizunguka sebuleni na simu yao. Kuna bustani moja, mwendo wa saa tatu kwa gari, ambako wamejenga madinosaria ya saruji, makubwa kama nyumba, yamesimama nje kwenye nyasi na watoto wanaruhusiwa kuyapanda migongoni. Wanataka twende familia nzima, siku moja tu, kwenda na kurudi. Mwanangu alianza kupanga palepale: nani apike, nani abebe maji, tutoke saa ngapi. Kisha akahesabu viti vya gari kwa kidole, akafika kwangu, akasema, "Bibi mbele, karibu na dereva. Bila Bibi hatuendi."

Wote wakacheka kwa furaha. Mimi nikasema naenda kuangalia chungu jikoni, na jikoni hakukuwa na chungu chochote motoni. Rafiki yangu, unanijua siku nyingi, unajua mimi si mtu wa kukimbilia jikoni kulia. Lakini siku hiyo nililia, kwa ajili ya nafasi moja niliyoichukua nikiwa mtoto wa darasa la tatu, kwetu Buganguzi, wakati wa Waingereza. Acha nikueleze yote. Hata marehemu mume wangu sikumwambia.

Kwetu Buganguzi nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba mbele na nyuma, mibuni chini ya migomba, na ndani sakafu ilitandikwa nyasi ambazo mimi na Bibi tulikwenda kuzikata kila mwisho wa juma. Bibi alikuwa mama yake Baba. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miguu mipana, aliyenuka moshi na kahawa, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na migomba yake kama anavyozungumza na majirani. Mgomba ukichelewa kuzaa aliusema. Ukizaa mkungu mzuri aliushukuru, kisha akaukata. Mimi nililala naye kitanda kimoja, nikala naye sahani moja, na ukiniuliza leo nani alinilea, sitataja kwanza mama yangu, Mungu anisamehe.

Msimu ule wa kahawa mwalimu wetu alikuja darasani na tangazo. Alisema mjini Bukoba, kwenye uwanja wa nyasi karibu na ziwa, watu wa serikali wanajenga mfano wa mnyama wa kale, mjusi mkubwa kuliko kanisa letu, ambaye mifupa yake ilichimbwa huko Lindi tangu wakati wa Wajerumani. Na kwamba pamoja na mfano huo wataleta mfupa mmoja wa kweli, na mzee mmoja wa Lindi wa kuulinda na kuueleza. Mtoto mmoja akauliza kama kuna kiumbe mzee kuliko huyo mjusi. Mwalimu akafikiri, akasema ndiyo, hata kamongo, samaki yule mrefu wa matopeni anayevuta hewa kama mtu, ukoo wake ni wa zamani kuliko mjusi. Tulicheka sana. Mimi nililiweka neno hilo la kamongo kichwani, sikujua kwamba nitakuja kulitumia.

Nilipopeleka habari nyumbani, Baba alifurahi kama mtoto. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kupenda elimu, na aliamua usiku huohuo kwamba tutakwenda. Tulipanga safari hiyo kwa majuma matatu. Hujaona mipango kama ile. Mama alifua kanga zake mara mbili na kuzikunja chini ya godoro zinyooke. Baba alilitoa koti lake la harusi, akalianika. Kaka yangu, aliyekuwa mkubwa kwangu kwa miaka minne, alipima kwa hatua urefu wa mjusi uani, kama mwalimu alivyosema, akaanzia kwenye banda la mbuzi akaishia ndani ya mibuni, na sote tukasimama kuangalia nafasi tupu ile. Ndizi za kuchukua njiani zilichaguliwa zikiwa bado mgombani.

Aliyenishangaza ni Bibi. Alipolisikia jina la Lindi aliacha kuchambua maharage. Alikuwa na kaka yake mmoja tu, ambaye katika vita vya Wajerumani na Waingereza alichukuliwa kubeba mizigo. Walisikia mara moja kwamba yuko upande wa Lindi, kisha kimya. Hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema amekufa. Kwa hiyo Bibi hakuwahi kumlilia. Huwezi kumlilia mtu ambaye huenda yuko hai, ni kumwitia kifo. Tangu usichana wake hadi mvi, alikuwa anasubiri. Sasa mzee wa Lindi anakuja Bukoba. Bibi hakujali mjusi wala mfupa wake. Alimtaka mzee yule, amuulize.

Lori la kahawa la mfanyabiashara mmoja lilikuwa linakuja kwetu kupakia magunia, dereva analala, alfajiri anaelekea Bukoba na jioni anarudi. Baba alizungumza na dereva. Dereva akasema juu ya magunia ataweka watu wanne, asizidi hata mmoja, maana barabara ya kushuka Kemondo ilikuwa mbaya na hakutaka kufa na watu wa kanisa. Mtoto wa mgongoni hakuhesabiwa. Basi Baba akahesabu: yeye, Mama na mdogo wetu mgongoni, Kaka, na Bibi. Mimi nibaki kwa jirani, niwaangalie mbuzi na kuigeuza kahawa kwenye mikeka. "Wewe una miaka mingi mbele," Baba aliniambia. "Bibi yako hana."

Maneno hayo ni ya haki, hata leo siwezi kuyapinga. Lakini nilikuwa na miaka tisa. Habari za mjusi ni mimi niliyezileta nyumbani. Nilikuwa nimewatambia wasichana wote wa shule. Siku mbili nzima sikula vizuri, na ubaya ulianza kunijia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi uliotoboka.

Unajua sisi Wahaya kila ukoo una muziro wake, kiumbe usichokila. Muziro wa ukoo wa Bibi, alikozaliwa, ulikuwa kamongo. Baba, kwa ulokole wake, alikuwa akisema hayo ni mambo ya kale, lakini Bibi aliyashika, na siku nyama ya kamongo ilipoingia nyumbani yeye alikula maharage yake pembeni bila manung'uniko. Nilijua hayo kama nilivyojua jina langu, na nikaamini kwamba asiyemla kamongo hakubali hata kwenda kumtazama. Au nilidhani nayajua.

Siku tatu kabla ya safari tulikuwa uani, yeye na mimi, tunaigeuza kahawa kwenye mkeka. Jua lilikuwa kali, kahawa inanukia. Nikasema bila kumwangalia, "Bibi, mwalimu amesema yule mjusi ni ukoo wa kamongo."

Mikono yake ikasimama. "Kamongo?"

"Ndiyo, waitu," nikasema, neno letu la kumheshimu mkubwa. "Kamongo alitoka majini, akaota miguu, akawa yule."

"Mwalimu amesema hivyo?"

"Amesema."

Alinitazama kwa muda. Nakumbuka nilianza kuokota punje za kahawa zilizodondoka nje ya mkeka, moja moja, kwa bidii ambayo sikuwa nayo siku zote. Kisha akasema, "Basi," akaendelea kugeuza kahawa.

Jioni ile alimwambia Baba kwamba goti lake limeamka, hawezi kupanda juu ya magunia, nafasi yake apewe mtoto. Baba alibisha. Alisema atambeba, atamfunga kamba, atamwomba dereva amweke mbele. Bibi akasema dereva ana mtu wake mbele, na goti ni lake, analijua yeye. "Nimesubiri miaka yote hii," alisema. "Nitasubiri tena." Hakutaja kamongo hata kidogo. Nikafikiri anaogopa Baba atamcheka kwa mambo ya muziro. Nikafikiri nimekuwa mwerevu sana. Nilikula vizuri siku hiyo, na aibu ya kula vizuri siku ile bado ninayo.

Alfajiri ya safari aliniamsha mwenyewe. Alinipaka mafuta miguuni, akanivika gauni langu, kisha akanivuta kwenye kona yake. Alikuwa na kifuko kidogo cha jani la mgomba kavu, ndani yake buni saba zilizochemshwa na kukaushwa, zile tunazompa mgeni atafune kabla ya mazungumzo. Kwetu mgeni asipopewa kahawa, huna haki ya kumuuliza hata anatoka wapi.

"Nafasi ninayokupa ina kazi yake," alisema. "Ukimwona mzee wa Lindi, mpe kahawa hii kwa mikono miwili. Kisha umuulize kama alimjua kaka yangu." Akanitajia jina la kaka yake sikioni. Akanifanya nilirudie mara tatu. Nililirudia vizuri, naye akatikisa kichwa kuridhika.

Kwa nini hakumpa Baba kazi ile? Baba alikuwa amekwisha kusema zamani kwamba mjomba wake alikufa na tumwachie Mungu. Na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye nafasi yake.

Lori liliondoka ndizi bado zina umande. Tulikaa juu ya magunia, Mama ameshika kamba kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, Baba ndani ya koti lake la harusi anaimba wimbo wa kanisa, vumbi linamwingia mdomoni na anaendelea kuimba. Tulipita Muleba watu wakatupungia. Mimi sikuwa na raha. Nilikuwa nimekishika kile kifuko, na kila lori liliporuka, goti la Bibi lilinijia akilini. Nikatoa buni moja, nikaitafuna kutuliza moyo. Ilikuwa chungu kidogo na yenye harufu nzuri, harufu ya Bibi mwenyewe. Nikatoa ya pili. Tulipofika juu ya Kemondo na ziwa likafunguka chini yetu, jeupe mpaka mwisho wa macho, Kaka alipiga kelele, Baba akavua kofia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona. Nilitafuna buni ya tano nikilitazama. Kabla hatujafika Bukoba kifuko kilikuwa kitupu, nami nikakidondosha barabarani.

Mjusi mwenyewe, nikuambie kweli, alikuwa wa miti, waya na matete, amepakwa udongo na chokaa, na rangi yake ilikuwa imeanza kubanduka kwa upepo wa ziwa. Shingo yake ilikuwa ndefu kweli, inapita juu ya miti, lakini ilikuwa imeinama upande, na mkia ulifungwa kwa kamba ileile tunayofungia magunia ya kahawa. Watu walikuwa wengi, kutoka Kahororo, pale jirani na mji, mpaka vijiji vya mbali. Wengine walimzunguka kimya kama wako msibani. Bibi mmoja wa makamo ya Bibi yangu alimpapasa mguu, akasema, "Ee waitu, na huyu naye alikuwa na mama." Tulikula ndizi na maharage yetu kwenye kivuli chake.

Pembeni, chini ya turubai, palikuwa na mfupa wa kweli, mweusi, mrefu kama shina la mgomba, na karibu yake amekaa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe. Kiswahili chake kilikuwa laini, si kama chetu cha shuleni. "Mwauona huu?" aliwaambia watu. "Huu ni wa mguu tu." Baba alimuuliza habari za mfupa, akajibiwa. Kisha yule mzee akatuangalia mmoja mmoja, akatabasamu, akasema, "Watu wa Bukoba mie nawajua. Vitani tulibeba mizigo nao. Walikuwa wakitafuna buni njia nzima, hata walipokosa chakula. Hivi bado mwatafuna?"

Watu wakacheka wakasema bado. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Jina lilikuwa mdomoni, nilikuwa nalisikia kwenye ulimi. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Nilijua kwamba mtoto aliyelelewa hawezi kumwendea mgeni, mzee, mikono mitupu, na kuanza kumuuliza habari za wafu. Angesema watu wa Bukoba wameharibika. Na kama Baba angeuliza mbona namwendea mgeni bila kahawa, ningejibu nini? Mzee wa Lindi aliniona namkodolea macho. "Wataka kusema neno, mjukuu wangu?" aliniuliza. Nikatikisa kichwa kukataa. Kaka akanivuta mkono twende tukauone mkia, nikaenda.

Tulirudi jioni jua halijazama. Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amenawa, amevaa kanga yake ya kanisani, yeye ambaye hakuwa ameenda popote siku ile. Aliwaacha wengine wapite. Aliponishika mkono, nilijua ni kumwambia ukweli au kumwambia uongo wa pili, na ukweli ulikuwa mrefu mno kwangu.

"Ulimuuliza?"

"Ndiyo, Bibi. Alimjua. Alisema alikufa kwa homa, hakuuawa. Walimzika vizuri, wakamwimbia."

"Alizitafuna kahawa?"

"Alizitafuna zote saba."

Akanitazama mdomoni. Nilikuwa bado nanuka buni, nina hakika sasa. Kisha aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu, akakiacha hapo, akasema, "Umefanya kazi yako."

Siku iliyofuata Bibi alijifunga kamba ya mgomba kiunoni na kuanza kumlilia kaka yake. Siku nne hakushika jembe. Majirani walikuja, wanawake wakakaa naye kwenye nyasi, na Baba, aliyekuwa hapendi mambo hayo, alikuja naye akakaa, akaomba kwa sauti. Bibi alilia kwa jina, analiita, anamwambia sasa apumzike, habari zake zimefika. Nyumba nzima ililia kwa maneno ya mtoto wa miaka tisa aliyekula kahawa ya mgeni. Mimi nilichota maji ya waombolezaji, sikulia. Bibi alifariki mvua za mwaka uliofuata.

Hapo ndipo ningeweza kukuambia kwamba angalau alikufa akiwa ametulia. Nilijiambia hivyo miaka mingi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilichukua muda kuisha. Iliishia sokoni Bukoba, nikiwa mwalimu kijana, naishi Kahororo. Nilikwenda kununua samaki na jirani yangu, mama mmoja wa ukoo uleule wa Bibi. Palikuwa na kamongo mkubwa amelala juu ya majani, na jirani akainama kumtazama, akamgeuza kwa kidole, akanisaidia kupatana bei. Nikashtuka. Nikamuuliza, je, huyu si muziro wako? Akanicheka. "Muziro ni wa mdomo, si wa macho," alisema. "Hata mtoto anajua hilo."

Nilisimama pale sokoni na kikapu changu mpaka akaniuliza kama naumwa. Nilikumbuka Bibi akienda nami gulioni, akisimama mbele ya mafungu ya kamongo waliokaushwa, akitania wauzaji kwamba ndugu zake wanauzwa. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu. Bibi angeweza kumtazama mjusi yule kutwa nzima, hata angekuwa kamongo kweli. Hakuna mtu mzima wa kwetu ambaye angeamini maneno yale. Alijua ninasema uongo tangu mikono yake iliposimama kwenye mkeka, na alijua kwa nini. Akanipa nafasi yake, akalisingizia goti lake, ili Baba asinichape na nisijue nimejulikana.

Na kama aliujua uongo wa kwanza, sijui niseme nini juu ya wa pili. Labda aliuamini kwa sababu aliutaka mno. Labda hakuuamini hata kidogo, akanusa kahawa mdomoni mwangu, akaamua kwamba amechoka kusubiri na uongo wa mjukuu unatosha kumzikia kaka yake. Sijui lipi kati ya hayo linaniuma zaidi. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Kwangu mimi walipatia kupita kiasi, maana mjukuu nilikuwa mimi mwenyewe.

Kibanja cha Buganguzi sasa kina nyumba ya bati na redio, nyasi za sakafuni hazitandikwi tena, na wajukuu wangu wanaona buni ya kutafuna ni kitu cha kupeleka harusini kwa ajili ya picha. Ule uwanja wa Bukoba sijui hata ulikuwa upande gani hasa. Yule mzee wa Lindi amekwisha kufa zamani, na Baba, na Mama, na Kaka pia. Hayo ni mambo ya dunia, yanapita, siyalilii sana.

Kinachonirudisha jikoni kulia ni kingine. Jumapili ile, mwanangu aliponihesabia kiti cha mbele, niliamua kwamba safari hii nitabeba buni saba kwenye kifuko, nikifika kwenye madinosaria yao ya saruji niziweke chini, kwa mikono miwili, na nimtaje yule kaka wa Bibi kwa jina lake, kama nilivyotumwa. Nikafungua mdomo kulisema jina. Halikuja. Nimelitafuta juma zima, mchana na kitandani, nimewapigia simu wazee wote waliobaki Buganguzi, na hakuna anayelikumbuka. Nililirudia mara tatu sikioni mwa Bibi, na sasa hakuna mtu duniani anayelijua.